Mkataba wangu unaisha nikiwa mjamzito: je, mwajiri anaweza kukataa kuuhuisha?

BintiBandari ameuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa wanaoifahamu sheria ya kazi na kwa kina mama waliowahi kupita njia hii.

Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Niliajiriwa mwaka 2021 kwa mkataba wa mwaka mmoja, na tangu hapo mkataba huo umekuwa ukihuishwa kila mwaka bila mjadala wowote. Wiki mbili tatu kabla haujaisha, afisa utumishi huniletea nakala mpya mezani, nasaini, na kazi inaendelea. Tathmini zangu za utendaji zimekuwa nzuri, na katika ile ya mwisho meneja wangu aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anapendekeza niongezewe majukumu.

Sasa nina ujauzito wa miezi mitano, na mkataba wa sasa utaisha takribani mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kujifungua niliyopewa kliniki. Nilipomweleza meneja kwa mdomo, alinipongeza. Baada ya siku chache aliniita ofisini kwake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kampuni inapitia upya ikama yake, yaani idadi ya wafanyakazi inaowahitaji, na kwamba "itakuwa vizuri upumzike ulee mtoto kwanza, halafu tutaangalia." Hakuna kilichoandikwa. Wiki hiyohiyo jina langu liliondolewa katika orodha ya watakaohudhuria mafunzo ya mfumo mpya wa hesabu, na mahali pake likaandikwa la kijana tunayekaa naye chumba kimoja.

Kijana huyo ndiye anayenileta kwenye jambo la pili. Aliajiriwa mwaka 2023, sifa zetu za kitaaluma ni zilezile, na kazi tunagawana: ankara za wateja, ulinganisho wa hesabu za benki, na makadirio ya ushuru kabla mzigo haujatoka bandarini. Tulipokuwa tukijaza fomu za bima ya afya alinitajia mshahara wake bila kuficha, nikatambua kwamba ananizidi kwa karibu robo nzima. Nilimuuliza afisa utumishi, naye akanijibu kwamba mwenzangu "ana familia inayomtegemea." Mimi pia nina mama mzazi na wadogo zangu wawili walio shuleni, lakini hata nisingekuwa nao, sioni ni kwa nini ankara ninayoiandaa mimi iwe na bei ndogo kuliko anayoiandaa yeye.

Ninachoomba kufahamu ni haya. Je, mwajiri anaweza kuuacha mkataba uishe tu, kisha akasema hajamfukuza mtu? Je, kuhusu mshahara nina hoja yoyote kisheria, au hilo ni jambo la makubaliano baina ya kila mfanyakazi na mwajiri wake? Na je, nianze na lipi bila kuharibu uhusiano uliopo? Sitaki ugomvi. Naipenda kazi yangu, na ninaijua.

KatibuTawi amejibu:

Dada, hongera kwa ujauzito, na pole kwa wasiwasi unaoupata katika kipindi ambacho ulipaswa kutulia. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi na nimewasindikiza wenzangu katika mashauri ya aina hii, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu. Naomba pia nikwambie waziwazi kwamba una kazi ya kufanya mapema, kwa sababu muda uliobaki ni mdogo kuliko unavyoonekana.

Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Watu wengi, wakiwemo maafisa utumishi wenye uzoefu, hudhani kwamba mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake basi hakuna la kujadili. Sivyo. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinaeleza maana ya kuachishwa kazi, na ndani ya maana hiyo kimeingizwa kitendo cha mwajiri kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu kwa masharti yaleyale au yanayofanana nayo, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba utahuishwa. Kifungu hichohicho kinataja pia kitendo cha kumzuia mfanyakazi kurejea kazini baada ya likizo ya uzazi. Yote mawili ni kuachishwa kazi, hata kama hakuna barua yenye maneno hayo. Na kifungu cha 37 kinasema wazi kwamba sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Sasa, neno zito hapo ni "matarajio ya msingi", na hapa naomba usome polepole. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mfanyakazi ndiye aonyeshe kwamba matarajio yake yana msingi unaoweza kuthibitishwa, kwa mfano kuhuishwa kwa mikataba iliyotangulia au ahadi ya mwajiri kwamba atauhuisha. Wewe unayo mikataba tangu 2021, na hilo ni jambo kubwa. Usiishie hapo, hata hivyo, kwa sababu mwajiri atatoa kipengele cha mkataba kinachosema kwamba kuhuishwa si haki ya moja kwa moja, na mwamuzi atakuuliza una nini kingine. Tathmini ile yenye mwandiko wa meneja anayependekeza uongezewe majukumu ndiyo jibu lake. Itoe nakala leo, na nakala hiyo isikae kwenye droo ya ofisini wala kwenye kompyuta ya kampuni. Fanya vivyo hivyo kwa orodha zote mbili za mafunzo, ile yenye jina lako na ile isiyo nalo, ikiwa zote ulitumiwa kwa barua pepe.

Halafu kuna taarifa ya ujauzito. Ulimweleza meneja kwa mdomo, lakini kifungu cha 33 kinamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya kusudio la kwenda likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na taarifa hiyo iambatane na cheti cha daktari. Ukiwa na ujauzito wa miezi mitano, umebakiwa na wiki chache tu kufikia kikomo hicho. Andika barua, toa nakala mbili, moja ibaki kwa afisa utumishi na nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Wakikwambia mhuri umefungiwa, omba anayepokea aandike jina, tarehe na saini juu ya nakala yako. Barua yenye mhuri inafunga mlango mmoja muhimu sana: hawataweza kusema baadaye kwamba uamuzi wa kutouhuisha mkataba ulifanyika wakiwa hawajui kuwa una ujauzito.

Haki zenyewe za likizo huenda unazijua, ila nizitaje kwa ufupi. Ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe unayotarajia. Usiku hawaruhusiwi kukupangia kazi katika miezi 2 ya mwisho ya ujauzito, na ukirudi una haki ya kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku.

Kuhusu mshahara: ndiyo, una hoja, na ina mizizi mirefu. Ibara ya 23 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kila mtu kupata ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, na pia Mkataba Na. 111 unaohusu ubaguzi katika ajira. Sheria ya 2004 ikaja kuyaweka hayo ndani ya kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi wa jinsia, wa ujauzito, wa hali ya ndoa na wa majukumu ya kifamilia, na kumtaka kila mwajiri achukue hatua za dhati kuhakikisha ujira ulio sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui ni kwamba ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri, naye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba tofauti ile ina sababu inayotokana na kazi yenyewe. Uzoefu mkubwa zaidi, cheti cha taaluma ambacho wewe huna, eneo gumu la kazi: hizo zinaweza kuwa sababu. "Ana familia inayomtegemea" si sababu ya kikazi hata kidogo, na aliyekujibu hivyo amekupa ushahidi bila kujua.

Tatizo ni kwamba alikujibu kwa mdomo. Mwandikie barua pepe fupi yenye adabu: "Kufuatia mazungumzo yetu ya tarehe fulani kuhusu tofauti ya mishahara, nilielewa kwamba sababu ni majukumu ya kifamilia ya mwenzangu. Naomba unisahihishe ikiwa nilielewa vibaya." Akijibu, umepata maelezo rasmi. Asipojibu, barua yako inabaki ikiwa na tarehe.

Angalizo moja kwa wasomaji wengine: niliyoyaandika ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Na. 11 ya mwaka 2005, na utaratibu wake wa kusuluhisha migogoro.

MwenyeOfisi_Arusha amejibu:

Naomba niseme kutoka upande ambao mara nyingi hausikiki katika mazungumzo haya. Nina kampuni ndogo ya huduma za watalii, na nusu ya wafanyakazi wangu ni wanawake. Sikubaliani hata kidogo na alichofanya mwajiri wa dada huyu, na jibu lile kuhusu mshahara ni aibu. Lakini tukitaka mambo yabadilike, ni lazima tuelewe kinachopita kichwani mwa mwajiri anapomwona binti wa miaka 27 kwenye usaili.

Mfanyakazi akienda likizo ya uzazi, ofisi yangu inaendelea kumlipa mshahara, na wakati huohuo ninamtafuta mtu wa kumshikia nafasi, naye namlipa. Kwa kampuni yenye wafanyakazi mia tatu, gharama hiyo hupotea ndani ya mahesabu ya mwaka. Kwa ofisi yenye watu wanane, na likizo iangukie kati ya Julai na Septemba wageni wanapojaa, inaonekana. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango, lakini fao hilo halijaniondolea mimi mwajiri wajibu wa kulipa mshahara wa likizo.

Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, ulilitazama jambo hili kwa macho mapana. Unasema likizo isipungue wiki 14, ilhali siku zetu 84 ni wiki 12, na unasema pia kwamba malipo ya likizo yatoke kwenye bima ya lazima ya jamii au fedha za umma, si mfukoni mwa mwajiri mmoja mmoja. Shabaha yake ni kulinda nafasi ya wanawake katika soko la ajira. Gharama ya kuzaa ikibebwa na mfuko ambao waajiri wote wanauchangia, awe ameajiri wanaume watupu au wanawake watupu, basi mwajiri anayewakwepa wanawake hatapata faida yoyote kwa kuwakwepa. Kwa utaratibu wa sasa anapata faida, na huo ndio ukweli mchungu.

Hilo halimpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria iliyopo. Mimi ninailipa, na wafanyakazi wangu wamerudi baada ya likizo wakiwa wale wale hodari, wakiwa na wageni wanaowauliza kwa majina. Mwajiri anayemwacha mhasibu aliyekaa naye tangu 2021 anatupa miaka yote ya ujuzi wa wateja na wa taratibu za bandari, kisha anaanza kumfundisha mgeni. Ningekuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, ningemwita meneja anieleze hesabu yake.

BabaMbezi amejibu:

Mwenye Ofisi amesema kweli, ila amegusa upande mmoja wa mizani. Tazameni kifungu kinachofuata kile cha likizo ya uzazi. Kifungu cha 34 kinampa baba siku 3 za likizo yenye malipo, na azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Mama siku 84, baba siku 3. Mama lazima apone, na miezi ya mwanzo ananyonyesha, kwa hiyo hakuna anayedai hesabu zilingane. Lakini siku 3 ni za kuwatoa hospitali na kuwapeleka nyumbani, basi. Sheria yenyewe inamwambia mwajiri kwamba mtoto ni jambo la mfanyakazi wa kike, na mwajiri anaisikiliza vizuri sana anapopanga nani apandishwe cheo.

Mimi nilipopata mtoto wa pili niliomba kuongezewa siku kutoka likizo yangu ya mwaka, kwa sababu mke wangu alijifungua kwa upasuaji na hakuweza hata kunyanyua ndoo ya maji. Mkuu wangu wa idara aliniuliza, mbele ya wenzangu, kama nyumbani hakuna mwanamke wa kusaidia. Nilichukua likizo hiyo na sijutii. Wanaume tunaosoma hapa tunaweza kuanza na jambo lililo mikononi mwetu: tuzichukue hizo siku 3 bila kuona haya, tuombe zaidi, na mtoto akiugua tukubali kuwa sisi ndio tunaoomba ruhusa ya kuondoka mapema. Mwajiri akizoea kwamba baba naye huondoka, swali la "unategemea kuzaa lini?" litapungua nguvu kwenye usaili.

BintiBandari ameandika tena:

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Naomba kuongeza mawili. La kwanza, sitaki kumponza yule kijana, maana alinitajia mshahara wake kwa nia njema. Je, ni lazima nimtaje? La pili, leo asubuhi afisa utumishi ameniletea karatasi yenye kichwa "Makubaliano ya Kutoendelea na Mkataba", akasema nikiisaini sasa nitalipwa mshahara wa mwezi mmoja wa ziada na nitapewa barua nzuri ya utambulisho. Ameniachia niisome hadi keshokutwa.

MamaMorogoro amejibu:

Mdogo wangu, usiisaini. Nakuandikia haraka kwa sababu karatasi kama hiyo niliwahi kuwekewa mezani, na yangu ilikuwa imeandikwa kwa nafsi ya kwanza: "Mimi, kwa hiari yangu mwenyewe, nimeomba kutoendelea." Nilikuwa sijaomba chochote. Saini yako hapo inageuza kuachishwa kuwa makubaliano, na baada ya hapo utakuwa na kazi ngumu ya kumshawishi mwamuzi kwamba ulishurutishwa. Waambie kwa adabu kwamba unahitaji muda wa kupata ushauri, na kama wanataka jibu, wakuandikie wakieleza sababu za kutohuisha mkataba. Hakikisha unabaki na nakala ya karatasi hiyo hata kama hujaisaini, kwa sababu nayo inaonyesha kwamba wao ndio walioanzisha jambo hili, tena wakati wakijua hali yako.

Mimi nilipokataa kusaini, mkataba wangu uliachwa uishe, nami nikapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Niliogopa sana, maana nilidhani ni mahakama yenye majoho na Kiingereza kingi. Nilikuta chumba cha kawaida chenye meza moja, msuluhishi upande mmoja, mimi na katibu wa chama upande wa pili, na mwakilishi wa kampuni akiwa na faili jembamba. Msuluhishi aliweka mikataba yangu yote sambamba juu ya meza, akamwomba mwakilishi aonyeshe ni nini kilichobadilika katika kazi kati ya mkataba wa mwisho na ule uliotangulia. Yule bwana alifungua faili lake na hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Tulimaliza hapohapo kwenye usuluhishi, bila kufika kwenye uamuzi, nikarudishwa kazini kwa mkataba mpya.

Naomba nikueleze na kilichofuata, kwa sababu wengi husimulia ushindi kisha wananyamaza. Kurudi ni mwanzo wa kazi nyingine. Hakukuwa na mahali pa kukamulia maziwa. Nilikuwa nikijifungia kwenye stoo ya vifaa, nimekalia katoni la karatasi, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, na chupa za maziwa naziweka kwenye jokofu la pamoja katikati ya vyakula vya mchana vya watu. Siku moja nilikuta zimetolewa na kuwekwa juu ya kaunta, maziwa yameharibika, ili sahani ya mtu ya pilau ipate nafasi. Nililia chooni, kisha nikaenda kuandika barua nikiitaja haki ile ya saa 2. Baada ya mazungumzo tulikubaliana nitoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, hadi mtoto atimize umri wa kuachishwa ziwa. Kwangu mimi mpango huo ulikuwa na faida kuliko kugawanya saa hizo katikati ya siku, kwa sababu nyumbani ni mbali na daladala za mchana hazitabiriki. Wewe fikiria umbali wako kabla hujachagua, na makubaliano yenu yawe kwenye maandishi, kwa sababu meneja aliyekubaliana na mimi alihamishwa na aliyekuja hakujua lolote hadi nilipomwonyesha barua.

MkaaziWaLikoni amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Nimeona niwape picha ya huku, huenda ikawasaidia wanaotaka kuomba mabadiliko. Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi 3 kwa malipo kamili na baba wiki 2. Inasema pia kwamba mama akimaliza likizo ana haki ya kurudi kwenye kazi ileile aliyokuwa nayo, au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni, na likizo yake ya mwaka haipotei kwa kuwa alijifungua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi.

Utekelezaji ni jambo jingine, sitawadanganya. Nafanya kazi kwenye hoteli, na wasichana wengi tunaowaona humu huajiriwa kwa vibarua vya msimu; mimba ikionekana, hupigiwa simu na kuambiwa wiki hii hakuna zamu. Mtu asiye na zamu hana hata karatasi ya kulalamikia. Lakini chumba cha kunyonyeshea tulikipata, na tulikipata kwa sababu wafanyakazi wa idara zote tulitia saini barua moja, wakiwemo wapishi wanaume. Kina stuli, meza, kitasa kinachofunga kwa ndani na jokofu dogo lisilowekwa kitu kingine.

KatibuTawi amejibu:

Nirudi kwa maswali yako mawili, dada. Mama Morogoro amekwisha kukujibu kuhusu karatasi, nami namuunga mkono kwa kila neno. Nyongeza yangu ni hii: kama ni kweli kampuni inapunguza watu kwa sababu za uendeshaji, kifungu cha 38 kinaitaka itoe taarifa ya kusudio hilo, ieleze sababu, na ishauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu hatua za kuepuka kupunguza, namna ya kuchagua watakaopunguzwa, na malipo. Upunguzaji wa mtu mmoja aliye mjamzito, unaofanyika kwa karatasi moja na kwa siku mbili, haufanani na utaratibu huo.

Kuhusu kijana, huna haja ya kumtaja katika barua ya kwanza. Andika kwamba unaomba kufahamishwa ngazi ya mshahara ya nafasi ya mhasibu msaidizi na vigezo vinavyotumika kuipanga, kisha uombe nafasi yako ipitiwe kwa vigezo hivyo. Suala likifika CMA, mwajiri anaweza kutakiwa kuleta nyaraka za mishahara mwenyewe. Na ikiwa eneo lenu la kazi lina tawi la chama cha wafanyakazi, kama TUICO au COTWU, jiunge sasa, usisubiri. Chama kinaweza kuuliza swali hilo kwa niaba ya wafanyakazi wote wa idara, na hapo hakuna jina la mtu linalotajwa.

Zingatia muda. Mgogoro unaohusu kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, zikihesabiwa tangu siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine, ukiwemo huo wa mshahara, ni ndani ya siku 60 tangu ulipojitokeza. Haya ni mashauri mawili yenye saa mbili tofauti, na nimeona watu wakipoteza la pili kwa kuwa walikuwa wakisubiri la kwanza liishe. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu nzuri, na usitegemee kwamba uchovu wa ujauzito utakubaliwa na kila mwamuzi ingawa sisi tunajua ni sababu ya kweli. Unajaza Fomu Na. 1, unampa mwajiri nakala, na unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama, wakili, au mtu mwingine unayemchagua.

BintiBandari ameandika tena:

Sijasaini. Barua ya taarifa nimeiandika usiku huu, naomba uipitie kabla sijaipeleka kesho:

"Yah: Taarifa ya kusudio la kuchukua likizo ya uzazi. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, napenda kuitaarifu ofisi kwamba nina ujauzito na natarajia kuanza likizo ya uzazi wiki nne kabla ya tarehe iliyoonyeshwa katika kiambatisho. Mkataba wangu wa sasa unaisha karibu na kipindi hicho. Kwa kuwa mkataba huu umehuishwa kila mwaka tangu 2021, na kwa kuwa tathmini yangu ya mwisho ilipendekeza niongezewe majukumu, natarajia kuwa utahuishwa kwa masharti yaleyale. Naambatanisha nakala ya kadi ya kliniki. Naomba ofisi inifikirie."

KatibuTawi amejibu:

Ni barua nzuri, rekebisha mawili. Kadi ya kliniki haitoshi. Sheria inataka cheti cha daktari, kwa hiyo pitia hospitali kwanza, umwombe daktari aandike tarehe unayotarajia kujifungua, agonge mhuri, ndipo uende ofisini. Halafu sentensi ya mwisho iondoe, na mahali pake andika tarehe ambayo unaomba uwe umejibiwa kwa maandishi kuhusu mkataba. Siku 14 zinatosha. Ukishapata mhuri wa kupokelewa, nitumie picha ya nakala yako kwa ujumbe wa faragha, nami nitaandaa barua ya mshahara itakayofuata.